Sare ya Mfalme wa Koguryo

Jette, Brussels
Jumapili, mwezi wa nane 2007

Saidi mdogo wangu,

Asalaam alaykum. Ningekuuliza hali, lakini hali yako imenifikia kabla sijauliza: u mzima, tena una pumzi za kutosha, maana mgonjwa hawezi kumsengenya kaka yake kutoka msikitini hadi sokoni bila kupumzika njiani. Mimi nami sijambo. Goti la kushoto hununa likiona ngazi, na jino la mwisho la juu limeniaga juzi bila hata kuomba ruhusa. Ulimi upo. Shemeji Asha hajambo? Mgongo wake je? Mwambie asihangaike kukusema wiki hii, nitakusema mimi humu.

Nimesikia ulichotangaza barazani. Eti Rajabu kafukuzwa dukani kwake Ulaya kwa sababu ya bia. Bia, Saidi! Mimi ambaye hata soda nimekatazwa na daktari! Eti umeambiwa na Shabani, yule muuza magari makuukuu, aliyepita Brussels kununua magari yake akakuta mlango wangu una kufuli. Kwa hiyo kufuli ndiyo chupa? Shabani mwenyewe, nikianza kueleza alilala wapi zile siku tatu alizokuwa hapa… lakini mkewe anajua kusoma, nanyi barua zangu mnazisoma kwa sauti.

Bon. Ni kweli nimetolewa. Chumba changu cha kushonea sina tena. Cherehani iko hapa Jette, jikoni kwa Zaina, mtoto wa marehemu dada yetu, imebanwa kati ya friji na jiko, na kila nikikanyaga pedali goti linapiga mlango wa oveni. Zaina anasema, "Mjomba, utavunja oveni." Goti halimsikitishi. Lakini sikutolewa kwa bia. Nimetolewa kwa ajili ya mfalme aliyekufa zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu iliyopita, tena mfalme wa Wakorea. Au wa Wachina. Hapo ndipo penye fujo, na wewe utakaa usome mpaka mwisho, kisha utarudi barazani pale pale uliposimama, ukanushe kwa sauti ile ile.

Chumba unakijua kwa picha. Kiko Saint-Gilles, hatua chache kutoka stesheni ya Gare du Midi, chini ya nyumba ndefu ya zamani iliyokatwa vyumba vyumba kama mkate wa maulidi. Dirisha langu lilitazama barabara. Miaka kumi na mmoja nimekaa dirishani pale nikitazama suruali za watu zikipita na kujua ipi nimeikata mimi na ipi imeharibiwa na mwingine. Mwenye nyumba ni Madamu Liu, Mchina, mjane, ana mkahawa barabara ya nyuma. Mkali kama siki, lakini mwanamke wa haki: bomba likipasuka asubuhi, mchana fundi yupo. Nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta na mimi, yupo Mzee Pak, Mkorea, fundi viatu, mzee wa kanisa lao na kiongozi wa kwaya. Mfupi, kichwa cheupe pepe.

Mzee Pak alikuwa rafiki yangu. Naandika "alikuwa". Kila saa saba mchana alikuwa anagonga ukuta kwa nyundo yake, mara mbili, maana yake chakula. Yeye analeta kabichi yake iliyochachushwa na pilipili, kitu ambacho akikifunua wapangaji wa ghorofa ya tatu wanafunga madirisha. Mimi natoa ndagala mnazonitumia. Siku ya kwanza kuziona zile ndagala alizimimina kiganjani akazinusa mara mbili, nikadhani harufu imemshinda. Kumbe mama yake alikuwa anapika supu ya visamaki vikavu namna hiyo hiyo. Mama alibaki Korea ya Kaskazini. Pak alitolewa huko mtoto mdogo wakati wa vita, mgongoni kwa mjomba wake, na tangu siku hiyo hajarudi wala hajapata barua. Mpaka ule haupiti hata bahasha.

Alors. Kila mwaka, mwezi wa sita, mtaa wetu una sherehe. Kila taifa linavaa ya kwao na kupita uwanjani: Wareno, Wamoroko, Wakongo, mpaka Wabelgiji wenyewe nao wanajitia manyoya kichwani. Kwangu huo ndio msimu wa mavuno. Nusu ya uwanja hupita imevaa kazi ya mkono wangu.

Mwaka huu, wiki tano kabla ya siku yenyewe, Pak akaingia na kitabu kwapani. Akafunua picha. Ilikuwa imechorwa zamani sana kwenye ukuta wa ndani ya kaburi. Watu wanacheza, wamejipanga mstari, mikono ya nguo imepita vidole ikaning'inia kama ulimi wa mbuzi mwenye kiu, na nguo nzima ni madoadoa.

"Fundi Rajabu, hii unaiweza?"

"Na mikono mirefu hivi walikuwa wanakulaje?"

"Hawa wanacheza, hawali."

"Basi ndiyo maana walikufa."

Akacheka mpaka akajifuta macho. Halafu akanieleza. Ufalme huo unaitwa Koguryo, jina ameniandikia kwenye kipande cha karatasi, la sivyo ningekuandikia la kuku. Walikuwa watu wa farasi, wanapiga mshale nyuma huku farasi anakimbia mbele. Mfalme wao wa kwanza alitoka kwenye yai. Na ndani ya jua lao anakaa kunguru wa miguu mitatu. Nikamwambia yai nimelikubali, lakini huyo kunguru akitua anatanguliza mguu upi? Akasema mimi ni mshenzi. Akasema makaburi yenye picha hizo mengine yako kaskazini mwa Korea, mengine yako ng'ambo ya mto, upande wa Uchina, kama vile sisi Bujumbura tulivyo na Uvira ya Kongo, mto Rusizi katikati.

"Yapo ambayo kutoka kwetu unakwenda kwa miguu," akasema. "Mjomba aliniambia."

Nguo kumi na mbili, za kwaya nzima. Nikampima yeye kwanza.

Siku nane zikapita, akaingia Madamu Liu. Yeye huwa hakai. Akaweka kitabu juu ya suruali ya mtu mezani kwangu. Kitabu kingine, maandishi mengine, picha ile ile. Madoadoa yale yale, ulimi wa mbuzi ule ule.

"Nguo kumi. Wanawake wa chama chetu. Kwa ajili ya sherehe."

"Madamu, hii ni ya wapi?"

"Ya kwetu. Mimi nimezaliwa mji wenye hayo makaburi. Utotoni tulikuwa tunateleza juu yake wakati wa theluji, hatujui kama ni makaburi, tunadhani ni vilima."

Sasa Saidi, iache Ulaya kidogo. Rudi Buyenzi, kaa kwenye kiti cha marehemu baba, ushike mkasi. Nyumba mbili, shughuli moja, siku moja, zinamletea fundi mmoja mfano mmoja wa nguo. Wewe unauliza? Huulizi! Hiyo ni sare. Upande wa bwana harusi na upande wa bibi harusi wameshakubaliana huko, na kazi ya fundi ni kuhakikisha kitambaa kinatoka jora moja, maana rangi ikipishana hata kidogo itasemwa upande mmoja umedharauliwa, na shughuli imeharibika. Tena fundi mwenye adabu haendi upande huu kusimulia anachowashonea upande ule. Ndivyo alivyotufundisha baba, na ule ubao wa kupigia chaki sote wawili tuliuonja makalioni.

Nikasema moyoni, kumbe wamepatana! Miaka yote nawaona Pak na Madamu wanapishana mlangoni kwangu kama paka wawili juu ya ukuta mmoja. Heri.

Nikaenda Matonge, mtaa wa Wakongo, Galerie d'Ixelles, kwa Maman Béa, muuza vitambaa, mtu wa Lubumbashi. Nikamwomba jora nzima ya madoadoa.

"Jora muzima, tonton? Donc unaoa tena?"

"Siolewi wala sioi. Naozesha mataifa mawili."

"Ee mjomba, na uzee hii!" Akacheka mpaka kilemba kikalegea.

Nilishona nguo ishirini na mbili, Saidi. Wewe ungeshona tano ukalalamika mgongo. Pindo zote kwa mkono. Zaina alikuja siku zake za mapumziko kupiga pasi, na unajua anavyofanya kazi hospitali kubwa huku Jette, miguu imemvimba, lakini alikuja. Pak akachukua zake Alhamisi, zimefungwa kwa karatasi. Madamu akachukua zake Ijumaa, zimefungwa kwa karatasi. Sikusema neno. Nilijiona fundi wa kuandikwa.

Siku yenyewe nikavaa kanzu na koti, nikasimama mbele kabisa kama mjomba wa bibi harusi. Tarumbeta zinalia. Kutoka barabara ya kanisani wakatokea Wakorea, Mzee Pak mbele, wamebeba kitambaa kirefu kimeandikwa kwa Kifaransa: KOGURYO, UFALME WA KOREA. Kutoka barabara ya stesheni wakatokea Wachina, Madamu Liu mbele, nao wana chao: MAVAZI YA KALE YA MIKOA YETU YA KASKAZINI-MASHARIKI. Watu ishirini na wawili wa madoadoa wakakutana katikati ya uwanja, mikono mirefu inapepea. Wallahi walipendeza! Mimi nikapiga makofi.

Nilipiga peke yangu.

Walisimama wakitazamana vifua. Halafu, kama vile shetani ameajiriwa na komini, ofisi ya mtaa, akaja bibi mmoja wa komini mwenye orodha ya makundi, anatabasamu. "Oh, kundi zuri lililoje! Ninyi ni wamoja, eh? Jipangeni vizuri." Akaanza kuwapanga kwa urefu. Mkorea, Mchina, Mkorea, Wachina wawili, Mkorea. Anawashika mabega anawasogeza.

"Mwizi," akasema Pak. Hakupaza sauti. Alimtazama Madamu Liu tu.

"Mwizi ni mtu anayevaa picha ya kaburi lililo ndani ya nchi yangu."

"Kaburi liko kwenu. Marehemu ni wetu."

"Marehemu alikuwa mtu wetu wa jimboni. Wasomi wetu wameandika."

"Wameandika kwa amri! Kesho wataandika kwamba na mama yangu ni wa jimboni kwenu!"

Na haya yote kwa Kifaransa, Saidi, kwa sababu huyu hajui cha yule na yule hajui cha huyu. Tena Kifaransa cha adabu, kile cha 'wewe' ya heshima, vous hapa, vous pale. "Vous, madame, ni mwongo." "Na vous, monsieur, ni mtu wa kuonewa huruma." Ukisikia toka mbali ungedhani wanaachiana kiti kwa daktari. Nyuma yao wenzao hawakuwa na adabu hiyo. Ile mikono mirefu bwana, ni rahisi sana kushika. Mmoja akavuta, mwenzake akavuta, mkono mmoja ukachanika. Nikatazama upesi: kitambaa ndicho kilichochanika, mshono wangu ulishika.

Nikaingia katikati. "Jamani, jamani! Hapa hakuna mwizi. Ni sare hii! Nimekata mimi, jora moja, nilidhani mmepatana!"

Pak akanisogelea.

"Ulijua?" akauliza Pak. "Ulijua kwamba na yeye anashonewa?"

"Nilijua. Ndiyo nikafurahi."

Halafu nikawatazama, wote ishirini na wawili, wamekunja sura namna moja ndani ya nguo moja, na yule bibi wa komini bado ameshika orodha yake, nikacheka. Sikukusudia. Kicheko kilitoka chenyewe, na kilipotoka hakikutaka kurudi. Hapo ndipo nilipojimaliza. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Wakorea na Wachina wakawa na shauri moja: wote walinigeukia mimi.

Nyumbani Zaina akanieleza alichosoma magazetini, maana mimi, kama unavyojua, shule na mimi tuliachana darasa la nne, siku fimbo ya mwalimu ilipovunjika mgongoni kwangu nikaona tumelipana. Kumbe ugomvi ni mkubwa na una miaka. Wasomi wa Uchina waliandika kwamba Koguryo haikuwa nchi ya Wakorea, ilikuwa serikali ndogo ya pembezoni ndani ya Uchina. Korea zote mbili, ya Kaskazini na ya Kusini, ambazo hazipeani hata maji, kwa hilo tu zikakubaliana: huo ni wizi wa mababu. Na mimi nikawavika sare.

Jumatatu saa saba ukuta ulinyamaza. Jumanne vile vile. Jumatano Pak akaja mwenyewe, ana karatasi imepigwa chapa. Anataka niweke sahihi. Nikamwomba aiache, jioni Zaina akanisomea. Iliandikwa kwamba mimi, fundi Rajabu, nashuhudia Bwana Pak ndiye aliyeleta mfano kwanza. Sawa. Kwamba yule mama wa Kichina aliuiba. Na kwamba hiyo ndiyo desturi ya taifa lake, kuiba nguo kama wanavyoiba historia, na mimi nimeiona kwa macho yangu.

Alhamisi akarudi. "Umesaini?"

"Mzee Pak, ulikuja kwanza, siku nane mbele yake. Hilo nitalitia hata dole gumba. Hayo mengine sikuyaona. Nilikuwa nakata kitambaa."

"Wewe ndiye shahidi."

"Shahidi wa jora. Si wa mfalme."

"Na kesho mtu akisema babu yako si wako?"

Hapa Saidi nilifanya kosa, na kosa hilo ni lako nusu. Nikamwambia: "Babu yetu alikuwa mpagazi wa pembe, alitoka Maniema na mzigo kichwani. Ninaye mdogo wangu Bujumbura anaapa barazani kwamba alikuwa Mwarabu wa Pwani. Basi Waarabu wakimtaka, wamchukue pamoja na kikohozi chake."

Hakucheka. Pak ambaye hucheka hata nikimtukana kabichi.

"Kaburi la babu yako unalijua?"

"Nalijua. Karibu na ukuta wa makaburi."

"Ukitaka kwenda unakata tiketi."

"Nikiipata."

"Mimi tiketi ya kwetu haiuzwi popote. Nimebaki na picha ya kwenye kitabu, Rajabu. Hiyo tu. Na sasa chini ya picha wanaandika jina la mtu mwingine." Akachukua karatasi yake mezani. "Wewe unacheka kwa sababu una pa kwenda."

Akatoka. Nilikaa na mkasi mkononi mpaka mteja aliponiuliza kama nimelala.

Siku ya pili yake Madamu Liu. Mara hii alikaa. Nikajua pana hatari. Akatoa karatasi mbili, akazilaza mezani moja kulia moja kushoto, akazinyoosha kwa kiganja.

"Hii," akasema, "inasema yule Mkorea alikuja baada yangu, akaona picha yangu mezani kwako, akaagiza za kwake."

"Madamu, yeye ndiye alikuja kwanza."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikuwa napita. Nikaona kupitia dirisha hili, kitabu kimefunuliwa, wewe unampima. Nikasema hawatapita uwanjani na vilima vyangu peke yao."

"Sasa si ndiyo alivyosema? Kwamba umeiga?"

"Naigaje cha kwetu?" Akapiga meza, pini zikaruka. "Bibi yangu amezikwa chini ya vilima hivyo hivyo. Mimi nimeishi mji huu miaka ishirini na mbili, kila mtu ananiuliza kama ni Mjapani. Siku moja natoka na kitu cha mji wangu, naitwa mwizi mbele ya mtaa mzima. Na wewe unacheka! Leo wanataka marehemu, Monsieur Rajabu. Tukiwapa marehemu, kesho watataka na ardhi aliyolalia."

Nikamwambia mimi simpi mtu marehemu yeyote, mimi ni fundi nguo.

"Basi hii ya pili," akasema, "ni ya chumba. Kwamba unakiacha mwisho wa mwezi. Utasaini moja. Chagua."

Saidi, nilikitazama chumba kile. Rafu nilizopiga mwenyewe. Ndoano ya kanzu yangu. Alama za kalamu ukutani, vipimo vya watoto wa watu ambao sasa wana watoto. Dirisha. Kwa umri wangu nani atanipa chumba kingine? Nilijua ninapokwenda ni jikoni kwa mtoto wa dada. Na ile karatasi ya kwanza ilikuwa na mistari minne tu. Pak hata salamu alikuwa hanipi tena. Ningeisaini, nani angelia?

"Kalamu unayo?" nikamwuliza.

Akanipa. Nikasaini, jina lote, Rajabu bin Musa, kwa ule mwandiko wangu unaopanda mlima.

Akainama kutazama. "Umekosea karatasi."

"Sijakosea. Hii kila neno lake ni kweli. Jina langu ni hilo, chumba ni hiki, na naondoka."

Hakuinuka. Nadhani alitaka nibembeleze, na mimi nadhani nilitaka abembeleze, na kwa kuwa sote wawili ni wazee wenye vichwa vya mawe, hakuna aliyebembeleza. Akaikunja karatasi mara mbili, akasema nikabidhi ufunguo mkahawani, si mkononi kwake.

Ungedhani basi Pak atakuja na machozi anishukuru. Ha! Alikuja siku nahama. Maman Béa alikuwa ameniletea gari dogo la mpwawe, cherehani imeshapandishwa. Pak akasimama kando ya njia na aproni yake ya ngozi.

"Nimesikia umekataa kumsainia."

"Nimekataa."

"Basi sasa nisainie mimi." Na karatasi akaitoa mfukoni, ile ile, imelowa jasho la wiki tatu.

"Mzee Pak! Nimetolewa chumbani kwa kukataa uongo wa mistari minne, na wewe unaniletea wa ukurasa mzima?"

"Wangu si uongo."

"Kipande chake si uongo. Lakini ulichokizungushia kimezidi mwili, mimi fundi, naona. Ikate hapo juu, acha kwamba ulikuja kwanza, nitasaini sasa hivi juu ya boneti ya gari."

Akaitazama karatasi muda mrefu. Nilidhani ataikata. Akairudisha mfukoni, akasema kwa Kifaransa kile cha adabu, "Vous safiri salama," mimi ambaye miaka kumi na mmoja alikuwa ananiita mshenzi. Afadhali angenitukana.

Sasa sikiliza ya juzi. Jumatatu mlango wa Zaina umegongwa, mtu wa vifurushi, mfuko mkubwa. Ndani nguo kumi, zimekunjwa vizuri, na neno: chama chetu hakiwezi kuhifadhi mavazi yaliyovaliwa na watu wale. Hakuna jina. Jumatano, mfuko wa pili. Nguo kumi na mbili, na neno fupi zaidi, la maana ile ile. Zaina akaniita jikoni, hasira imempanda, anasema mjomba mfalme wako amenijaa mpaka kwenye beseni la vyombo. Alikuwa amekwisha kuzimwaga zote juu ya meza apate kupita. Nikakaa nizitenganishe, zipi za Pak, zipi za Madamu, nizirudishe kwa wenyewe na matusi juu. Nimepekua kola, nimepekua pindo, nimezigeuza ndani nje. Nimeshindwa, Saidi. Jora moja, mkono mmoja. Hata ile iliyochanika mkono sijui alikuwa amevaa nani.

Kwa hiyo nimeamua. Hazirudi Saint-Gilles. Zitasafiri kwenye kontena la Shabani pamoja na magari yake, na hayo ndiyo malipo ya mdomo wake. Ishirini na moja mpe Shemeji Asha, azigawe kwa wanawake wa ukoo shughuli ya kwanza itakayotokea, wavae sare, mikono wafupishe maana kwetu watu wanakula. Wakiulizwa ni vazi la kabila gani wasijibu chochote. Nimechoka na majibu. Ya ishirini na mbili ni yako, ndiyo ile iliyochanika mkono. Siku ya kukanusha utaivaa, barazani, mchana, watu wakiwa wamejaa. Usiishone.

Nisalimie Shemeji Asha na binti zako wote wawili. Nisalimie shangazi yetu wa Kigoma ukimpata kwa simu, mwambie meno yake na yangu sasa idadi inalingana. Nisalimie imamu wetu mzee, aniombee chumba, kisiwe na historia. Jirani wa kisimani usimsalimie, anajua kwa nini. Shabani mpe salamu za hapa alipolala.

Na wewe, ukimaliza kukanusha, mwambie huyo babu yako Mwarabu kwamba wajukuu zake wa kweli, wale wa mpagazi, wanamsalimia.

Ni mimi kaka yako, niliyekutangulia kwa miaka minne na kwa kila kitu kingine,

Rajabu bin Musa, fundi cherehani, jikoni kwa Zaina